Leseni ya Makazi: Kazi Nzuri Iliyoangushwa na Muda

Anayenunua nyumba Mbagala au Tandale, Dar es Salaam, huuliza bei, huuliza mipaka, na akiwa makini huuliza kama kuna mgogoro wa mirathi. Ni wachache wanaouliza miliki yenyewe inakwisha lini. Kwa Tanzania swali hilo ni la msingi, kwa sababu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na raia hupewa haki ya kuimiliki kwa muda. Miliki huru za tangu ukoloni zilifutwa mwaka 1963 zikageuzwa kuwa mikataba ya miaka 99 na serikali. Mwaka 1969 mikataba hiyo nayo ikageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi kwa miaka iliyokuwa imebaki, kwa hiyo viwanja vya kundi hilo vitafikia ukomo mwaka 2062. Hati za leo huandikwa kwa miaka 33, 66 au 99. Lakini kwa maelfu ya wenye nyumba wa Kinondoni, Ilala na Temeke, karatasi ya kwanza ya serikali kuingia nyumbani ilikuwa leseni ya makazi, na hiyo ilianza na miaka miwili tu.

Leseni imo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Inamruhusu mtu aliyejenga katika eneo ambalo halijapimwa kukaa hapo kihalali kwa muda uliotajwa, mradi pasiwe mahali pa hatari kama bonde la Msimbazi, wala pasiwe pametengwa kwa huduma za umma. Muda ukiisha, inahuishwa. Mwaka 2004 Wizara ya Ardhi iliamua kukitumia kifungu hicho kwa Dar es Salaam nzima, na namna kazi ilivyofanyika inastahili kusifiwa. Hawakungoja mpimaji afike kila kiwanja na vyombo vyake. Walichukua picha za kutoka angani, kila jengo likapewa namba juu ya picha, kisha watendaji wakashuka mitaani na fomu. Mjumbe wa nyumba kumi aliongoza njia, majirani wakathibitisha nani anamiliki nini na mpaka uko wapi, taarifa zikaingizwa katika kanzidata za manispaa. Majengo zaidi ya 200,000 yalitambuliwa kwa njia hiyo. Upimaji wa kawaida ungechukua miongo, na gharama yake isingebebeka.

Kwa nini basi waliweka muda mfupi hivyo? Fikra yake haikuwa ya kipuuzi. Manzese au Keko hakukuwa na ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa, na anayempa mtu hati ya miaka 33 leo atamlipa fidia kesho anapotaka kupitisha barabara au mtaro. Leseni ilikusudiwa kuwa daraja: kaa kihalali sasa, mipango na upimaji vinakuja. Kasoro ni kwamba daraja lilijengwa fupi kuliko mto. Hakuna mtaa wa Dar es Salaam unaopangwa, kupimwa na kumilikishwa ndani ya miaka miwili.

Athari ya kwanza ilionekana dirishani mwa benki. Serikali ilitaka leseni iwe dhamana ya mkopo, na wapo waliokopa kwayo. Lakini mkopeshaji yeyote hulinganisha tarehe mbili: ya marejesho ya mwisho na ya kuisha kwa dhamana. Leseni iliyobakiza miezi kumi haiwezi kubeba mkopo wa miaka mitatu wa kumalizia nyumba. Inaweza kubeba mkopo wa kuongeza bidhaa dukani, na hapo ndipo matumizi yake yalipoishia kwa wengi. Mwenye leseni alikuwa na karatasi halali, ila haikumfikisha alikoahidiwa.

Kuhuisha ndiko kulikovunja mfumo wenyewe. Mara ya kwanza serikali ilikuja mtaani. Mara ya pili ilimtaka mwananchi aende manispaa mwenyewe, akiwa amelipa kodi ya pango la ardhi, aombe upya. Mwenye nyumba akajiuliza atapoteza nini asipokwenda, na jibu lilikuwa wazi: hakuna jirani aliyefukuzwa kwa kuwa leseni yake imeisha. Kilichomlinda kabla ya leseni, yaani kutambuliwa na mtaa na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na ofisi ya serikali ya mtaa, kilikuwa bado kinamlinda. Miaka kadhaa baada ya utambuzi, waliochukua leseni ya kwanza walikuwa hawajafika nusu ya majengo yaliyotambuliwa, na waliorudi kuihuisha walikuwa wachache zaidi. Sikubaliani na wanaosema watu hawa hawakujali haki zao. Walipima faida na usumbufu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya kanzidata. Nyumba za uswahilini huuzwa, hurithiwa na kugawanywa. Banda la uani linakuwa nyumba ya mtoto wa kwanza. Kila leseni isiyohuishwa ni taarifa iliyokoma siku ilipoandikwa. Mauziano yaliendelea kuandikwa mtaani huku jina lililoko manispaa likibaki la muuzaji, na mara nyingine la marehemu. Rejista inayotegemea mwananchi aje kuisahihisha kila baada ya miaka miwili huchakaa haraka kuliko inavyoweza kurekebishwa. Baadaye muda ulisogezwa kuwa miaka mitano. Hilo lilipunguza safari, lakini wajibu wa kukumbuka tarehe ulibaki palepale, kwa mwenye nyumba.

Kenya ilipokabiliwa na mikataba ya miaka 99 inayofikia ukomo, ilipindua wajibu huo. Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mmiliki raia ambaye mkataba wake umeisha haki ya kufikiriwa kwanza, ikiwa ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Kanuni za mwaka 2017 zinaitaka mamlaka imjulishe mmiliki ndani ya miaka mitano kabla ya ukomo. Utekelezaji una matatizo yake, lakini msimamo wa kanuni ni sawa: anayeshika rejista ndiye anayeijua tarehe, basi yeye ndiye aanze kusema. Dar es Salaam hilo lisingehitaji mtambo mpya. Bili ya kodi ya pango inatoka kila mwaka na sasa inalipwa kwa simu. Mstari mmoja juu yake unaoonyesha mwaka wa ukomo ungefanya kazi ambayo matangazo ya redio hayajaifanya.

Baada ya miaka hiyo ya leseni, mkazo wa Tanzania umehamia kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa iliyokwisha kujengwa na kutoa hati yenyewe badala ya leseni. Wakazi huchangia kampuni ya upimaji, na wizara iliwahi kushusha kiwango cha juu cha mchango kutoka shilingi 250,000 hadi 150,000 kwa kiwanja. Kwamba bei ndiyo kikwazo kulionekana pia katika utafiti uliofanyika Kigogo na Mburahati, ambako kaya zilipewa vocha za punguzo la gharama ya hati. Vocha nyingine zilikuwa na sharti kwamba jina la mwanamke liandikwe kama mmiliki mwenza. Sharti halikupunguza mahitaji, na karibu kila aliyepewa vocha hiyo akanunua hati alimwandikisha mkewe. Binafsi naona hapo pana jambo kubwa kuliko upimaji: leseni nyingi zilitoka kwa jina la baba peke yake, na siku ya kuhuisha ingeweza kuwa siku ya kulirekebisha hilo.

Sasa yanakuja maghorofa, na swali la muda linarudi kwa sura nyingine. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mtu kupata hati ya fleti yake, huku ngazi, paa na maegesho vikibaki vya wote chini ya chama cha wamiliki. Lakini fleti haina ardhi yake yenyewe. Muda wake unachotwa kwenye hati mama ya kiwanja, na hauwezi kuipita. Hati mama ikibakiza miaka 20, kila sehemu ndani ya jengo imebakiza hiyohiyo 20, hata kama aliyenunua jana amelipa bei ya jengo jipya. Uingereza, penye fleti nyingi za mikataba ya namna hii, sheria ya mwaka 1993 ilimpa mwenye fleti mmojammoja haki ya kuongezewa miaka 90, bila kungoja jirani zake wakubali.

Kwetu, kinachohitaji kuongezwa ni hati mama, kwa hiyo jengo zima linapaswa kwenda kwa Kamishna wa Ardhi kama mwombaji mmoja. Fikiria Magomeni Kota, ambako majengo yaliyofunguliwa Machi 2022 yalipokea kaya 644, na serikali ikakubali wakazi wanunue kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Kaya mia sita na zaidi hazikusanyiki kirahisi kuchangia ada miaka 30 baadaye, wakati wengine wameuza, wengine wamefariki na wengine wako mikoani. Mikataba ya ununuzi itaje mwaka wa ukomo wa hati mama, itaje nani ataomba nyongeza, na chama cha wamiliki kianze kuweka akiba ya ada hiyo tangu mwezi wa kwanza, pamoja na fedha za lifti na pampu ya maji.