Sauti Nne Chini ya Turubai

Kila mwaka, Julai inapoelekea kuisha na Agosti kuanza, uwanja wa kambi wa Cooper's Lake, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hugeuka mji wa mahema. Watu zaidi ya elfu kumi huhamia pale wakiwa na majoho ya sufu, kanzu za kitani na kofia ambazo nyumbani kwao wasingethubutu kutoka nazo hata kwenda dukani. Mkutano huo huitwa Pennsic. Ulianza mwaka 1972, na ndio mkubwa kuliko mikutano yote ya Society for Creative Anachronism, chama cha wapenzi wa Zama za Kati kilichozaliwa Berkeley, California, mwaka 1966. Picha zake zinazosambaa ni za vita: mamia ya watu wenye ngao na panga za henzirani wakivaana uwanjani, jeshi la ufalme wa Mashariki dhidi ya jeshi la ufalme wa Kati. Utani wao wa miaka mingi unasema wanaupigania mji wa Pittsburgh, na anayeshindwa ndiye anayelazimika kuuchukua.

Sina ugomvi na panga hizo. Mtu aliyejifulia deraya yake mwenyewe kwa miezi kadhaa, kisha akakimbia nayo juani, ana haki ya kupigwa picha. Lakini anayetaka kujua kambi hii inaweza nini hasa, asiishie uwanja wa vita. Aende kwenye mahema ya madarasa, na akifika huko alitafute lile ambalo mtu mmoja amesimama mkono juu na wenzake wamekodolea karatasi macho. Hapo ndipo ulipo ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kumfundisha mtu wimbo asioujua mpaka auimbe kama wake.

Mahema hayo wenyewe huyaita Chuo Kikuu cha Pennsic. Jina lina majigambo kidogo, ila ratiba yake ni ndefu kweli. Mwalimu halipwi na mwanafunzi hapewi cheti. Huyu anafundisha kushona glavu, yule kuchemsha wino, mwingine anapika kwa kufuata maandishi ya mpishi wa karne ya 14. Wiki ijayo wote watakuwa wamerudi kwenye uhasibu, udereva na uuguzi. Naupenda mpango huu kwa sababu hauna pa kumfichia mwalimu mvivu. Waliokuja wamekuja kwa hiari, na somo likichusha wananyanyuka taratibu na kuhamia hema la jirani.

Asubuhi, kabla joto halijashika, ni wakati mzuri wa kusoma nota, na haipiti muda mrefu kabla jina la Guido wa Arezzo halijatajwa. Alikuwa mtawa wa Kibenediktini aliyefundisha nyimbo za kanisa huko Toskana mwanzoni mwa karne ya 11, na alichoka na jambo moja: waimbaji walikariri kwa miaka kumi na bado hawakuweza kuimba wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Akauchukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya mwanzo kila kimoja huanzia ngazi moja juu ya kilichotangulia, akachomoa silabi zake: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi akishazizoea hizo, anaweza kupanda na kushuka katika wimbo mgeni bila kuongozwa na mtu. Guido mwenyewe aliandika kwamba kazi ya miaka kumi sasa inakamilika kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana.

Aliyewahi kukaa benchi la kwaya ya parokia, iwe Moshi, Bukoba au Kakamega, hahitaji maelezo zaidi. Sol-fa tunazoimba kwenye mazoezi ya jioni ni uzao wa silabi za Guido. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, na baada yake mchungaji John Curwen, walizipanga upya huko Uingereza ili mtu asiye na elimu ya muziki aweze kuimba kwa kusoma herufi tu. Wamisionari wakazibeba, zikavuka bahari, na leo kuna walimu wa kwaya hapa kwetu wanaoandika wimbo mzima wa sauti nne kwenye daftari la shule, d, r, m, s, bila kuchora mstari hata mmoja. Mhasibu wa Ohio aliyejifunga joho na mwalimu wa kwaya wa Kilutheri kule Kilimanjaro wana mwalimu mmoja, na nadhani wangeelewana haraka kuliko wanavyodhani.

Chombo cha pili cha darasa hilo ni mkono. Walimu wa Zama za Kati, wakitumia jina la Guido ingawa mchoro wenyewe haumo katika maandishi yake, walizigawa sauti kwenye viungo vya mkono wa kushoto: ya chini kabisa kwenye ncha ya kidole gumba, inayofuata kwenye kiungo chini yake, na hivyo hivyo kuzunguka kiganja. Mwalimu anagusa kiungo, darasa linaimba. Hasemi neno. Anagusa cha jirani, wanapanda naye. Kisha kidole chake kinaruka kiungo kimoja au viwili, na hapo nyuso zinakunjamana, maana kuruka ni kugumu kuliko kupanda. Wawili wanapatia, mmoja anaangukia sauti ya jirani, wengine wanavizia nani aanze ili wamfuate. Mwalimu haendelei. Anarudi pale alipotoka, anaruka tena, anarudi, anaruka, mpaka nyuso zinakunjuka zenyewe. Ndipo kidole kinasogea. Nimewahi kuona walimu wa muziki wenye piano, projekta na spika ambao hawana subira hiyo.

Mchana ni zamu ya vyombo, na kambi nzima hujua. Wapo wanaojifunza rekoda, ile filimbi ambayo watoto wa Kenya wameipuliza shuleni mpaka majirani wakaomba amani. Wapo wapiga luti. Na wapo wa shomu, chombo cha mbao chenye ulimi maradufu na sauti ya kukata anga, kisichofaa kupigwa ndani ya nyumba. Mtu wa Mombasa akiisikia shomu kwa mbali atageuza shingo atafute chakacha iko wapi, kwa kuwa shomu na nzumari ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinatokana na zumari za nchi za Kiislamu. Moja ilipanda kaskazini ikaishia katika maandamano ya wafalme wa Ulaya, nyingine ikaja na pepo za bahari hadi Pwani yetu. Hata zile ngoma ndogo mbili mbili ambazo wapiga ngoma wa Ulaya walizifunga kiunoni zilitoka huko huko wakati wa Vita vya Msalaba.

Luti nayo ni udi uliohamia Ulaya. Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, katika karne ya 13, aliagiza mkusanyiko wa nyimbo za Bikira Maria ambao nakala yake moja, iliyohifadhiwa El Escorial, Hispania, imejaa picha za wapiga muziki, na katika mojawapo Mwislamu na Mkristo wamekaa pamoja wakipiga. Wazungu baadaye walifunga nyuzi za utumbo kukatiza shingo ya luti, na kuelekea mwisho wa karne ya 15 wakaanza kuacha kipigio cha unyoya na kutumia vidole, ili mkono mmoja uweze kupiga sauti kadhaa kwa pamoja. Mpiga udi wa taarabu Unguja hakuacha kipigio chake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Pennsic anayetaka kujua luti ya karne ya 13 ilivyochezwa angefaidika zaidi kukaa jioni moja na kikundi cha taarabu kuliko kusoma vitabu vingi.

Lakini saa ninayoipenda ni ile ya kuchanganya sauti, mazoezi ya kwaya alasiri. Tuchukue wimbo maarufu wa dansi ya pavani uliomo katika Orchésographie, kitabu cha dansi kilichochapishwa Langres, Ufaransa, mwaka 1589. Mwandishi wake, padri Jehan Tabourot, alizipanga upya herufi za jina lake akajiita Thoinot Arbeau. Kitabu chenyewe ni darasa: ni mazungumzo ya mwalimu na kijana Capriol, aliyesoma sheria na sasa anataka kujua kucheza. Pavani hiyo ina sauti nne, na chini yake ngoma inayorudia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: pigo refu, mapigo mawili mafupi, pigo refu, mapigo mawili mafupi.

Mwalimu mkali huwagawia waimbaji karatasi kwa desturi ya karne ile, yaani kila mmoja sauti yake tu. Besi haoni soprano anaimba nini. Hakuna mistari ya wima ya kukata wimbo vipande. Sisi tuliozoea kuona sauti zote nne zimepangwa ukurasa mmoja hatujui tumependelewa kiasi gani, wala tumepoteza nini. Teno akipotea katikati, hana pa kuchungulia. Akijipa moyo na kuendelea kubahatisha, anawaburuta wenzake. Inabidi anyamaze, asikilize ngoma, asikilize besi anapotua, na aingie hapo. Mwanzoni wanapotea wote, na wimbo unasambaratika kwa vicheko. Safari nyingine unafika nusu. Mwalimu anawaita tena na tena mahali pale pale, anawaimbisha teno na besi peke yao, kisha alto na teno, kisha anawarudisha wote. Halafu, bila mtu kutangaza, kila mmoja anaacha kuitazama karatasi yake kwa woga na kuanza kuwasikia wengine watatu.

Kuna wanaoicheka kambi hii, na si bure. Zama zao za Kati hazina tauni wala watumwa wa mashamba, kila mtu ni bwana au bibi mwenye cheo, na usiku mabwana hao huenda chooni na tochi ya kichwani. Wenyewe wanakiri kwamba wamechagua waliyoyapenda na kuyaacha mengine. Ila cheo, upanga na ukoo wa kifalme vyote mtu anaweza kujitungia. Sauti mbili zilizokusudiwa kukaa pamoja haziigizwi: ama zimekaa, ama zinakwaruzana, na kila aliye hemani anasikia. Katika mji mzima wa kuigiza, pumzi inayotoka hapo ndiyo ile ile waliyoitoa waimbaji wa Arbeau. Ndiyo maana nawaweka walimu hawa juu ya mashujaa wa uwanjani.

Jioni pavani itachezwa, hatua mbili moja moja na moja maradufu, na wengi watakosea miguu. Si muhimu sana.

Nawe mwalimu wa kwaya unayesoma haya, usingoje kwenda Pennsylvania. Wimbo wa Arbeau hauna mwenye kudai hakimiliki, sauti zake haziruki juu sana, na ngoma yake hata mtoto anaiweza. Uandike kwa sol-fa, mpe kila mtu sauti yake tu, na karatasi ya sauti zote nne ibaki mfukoni mwako.