Kuipa Harufu Jina Lake

Mwonjaji wa mvinyo akishika glasi, hakimbilii kunywa. Huiinamisha juu ya kitambaa cheupe aone rangi ya ukingoni, maana mvinyo mwekundu ukizeeka, ukingo wake huelekea kahawia. Hunusa glasi ikiwa imetulia, huizungusha ili mvuke wa kileo upandishe harufu, kisha hunusa tena. Baada ya hapo ndipo hupiga funda dogo na kuvuta hewa kidogo kinywani, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupandia nyuma ya koo hadi puani. Husikiliza uchachu ulimini, na ukakasi unaokausha ufizi kama bibo changa. Halafu hutema, kwa sababu glasi nyingine zinamngoja na kichwa kilicholewa hakifai kwa kazi hii.

Sasa aseme amekuta nini, na hapo ndipo penye ugumu. Kusema mvinyo ni mzuri hakumsaidii ambaye hakuuonja. Mwaka 1984 Ann Noble, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo: katikati yapo makundi mapana kama matunda, maua na viungo, na kadiri unavyokwenda nje majina yanazidi kuwa mahususi. Maneno ya kusifu hayamo. Alifundisha kwa kunusisha: mvinyo wa kawaida unatiwa kitu kimoja tu, tuseme pilipili hoho, mwanafunzi ananusa mpaka pua yake iizoee. Naiheshimu sana njia hiyo. Inamtaka mwonjaji atoe ushahidi kwanza, hukumu baadaye.

Wapo wanaodhani maelezo hayo ni madoido matupu. Basi chukua Syrah, mvinyo mwekundu wa kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, unaosifika kwa harufu ya pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu hiyo inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, na hiyohiyo imo ndani ya pilipili manga yenyewe. Mvinyo uliolazwa kwenye pipa la mwaloni huchota humo eujenoli, ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc unaonukia pasheni una kemikali za salfa zilizomo pia ndani ya pasheni. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye kinu cha viungo anayafahamu haya yote tangu utotoni; kinachobaki ni kuyatambua yakiwa ndani ya glasi.

Ni kweli kwamba pua huyumbishwa. Jaribio lililofanyika Bordeaux na kuchapishwa mwaka 2001 liliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Wengine hulitaja kuidharau kazi yote. Mimi linanizidishia heshima kwa wale wanaokubali kuonja kwa glasi nyeusi, ili jicho lisiitangulie pua.

Kwetu Tanzania pia, Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, inatengeneza mvinyo kutokana na zabibu nyekundu ya Makutupora na nyeupe ya Chenin Blanc. Lakini gurudumu la California limejaa matunda ya vichakani huko kwao ambayo Mgogo au Mswahili huenda hajawahi kuyaweka mdomoni, na kuyakariri ni kutoa ushahidi wa jambo usiloliona. Waonjaji wetu wajitengenezee gurudumu lao, lenye zambarau, ukwaju, ubuyu, fenesi, mrehani, hiliki, na udongo mkavu unapopigwa na mvua ya kwanza. Ikiwa mvinyo wa Dodoma unanukia zambarau, na iandikwe zambarau kwenye lebo ya chupa.