Hajulikani na Nani?

Wasomaji wenzangu, safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki maneno mawili niliyoyapiga chapa kwa mikono yangu, tena mara nyingi, nikilipwa kwa kazi hiyo. Maneno yenyewe ni haya: msanii hajulikani.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani nikiandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Njaa ndiyo iliyonipeleka kuwa karani wa mkataba katika makumbusho fulani hapa mjini, kitengo cha elimu, upande wa chumba cha sanaa. Ukiwaambia washikaji kazi hiyo wanadhani unashinda katikati ya vinyago ukiwaza. Wapi! Asubuhi unajibu barua za shule zinazoomba kuleta wanafunzi. Unaandika kwenye daftari shule gani, darasa la ngapi, watoto wangapi, walimu wangapi, basi linafika saa ngapi, ili shule mbili zisije zikagongana mlangoni. Unakata stakabadhi. Unahesabu penseli zilizotoka na zilizorudi, na hazirudi zote. Mashine ya fotokopi ikikwama, fundi ni wewe.

Kisha kuna karatasi za maswali, zile wanazopewa watoto wazijaze huku wakizunguka chumbani. Mtaalamu anatoa maelezo marefu, karani anayapunguza mpaka yatoshe ukurasa mmoja. Hakuna anayeiita kazi hiyo uandishi. Lakini fikirini: riwaya zetu huenda mtoto yule asizione maishani, karatasi yangu ataisoma siku hiyohiyo na kuijaza. Kwa hiyo nadiriki kusema ile nayo ni fasihi ndogo, ina fani na maudhui kama tulivyofundishwa, na inastahili kuhakikiwa.

Basi siku moja alikuja mtoto wa darasa la sita mwenye karatasi mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya kinyago cha ujamaa, kile cha mpingo chenye watu waliobebana kuanzia chini mpaka juu. Akaniambia, "Samahani kaka, hapa mmeandika msanii hajulikani. Hajulikani na nani?"

Nikamjibu ovyo kwamba ni zamani sana. Mtoto akaandika jibu langu, akaenda zake. Mimi nikabaki na aibu, maana nilikuwa nimemdanganya. Vinyago vya namna ile si vya kale kiasi hicho. Vilishamiri Dar es Salaam katika nusu ya pili ya karne ya 20, na wachongaji wake Wamakonde walikuwa watu wa kazi, wenye majirani na madeni.

Jioni nikaomba rejesta ya vitu vilivyopokelewa. Kinyago kile kilikuwemo. Jina la aliyekiuza lilikuwepo. Bei ilikuwepo, mpaka senti. Sahihi ya aliyekipokea ilikuwepo. Safu ya mchongaji ilikuwa tupu. Jamani, waliojua kuandika senti wangeshindwaje kuandika jina? Hawakushindwa, hawakuuliza. Na uvivu wao mimi nikaugeuza kuwa sifa ya mchongaji, kana kwamba kutojulikana ni tabia yake, kama urefu au upofu.

Hapo ndipo kosa la fani linapozaa kosa la maudhui. "Hajulikani" ni neno linalomficha mtendaji. Nikafuta, nikaandika: mchongaji hakuulizwa jina lake. Nikapeleka.

Mama mkuu wa kitengo akasoma, akavua miwani. "Kijana, unataka kututukana kwenye karatasi zetu wenyewe?" Nikasema, "Hapana mama, nataka kumjibu mtoto." Akanikalisha, na kwa haki niseme alinifundisha jambo. Akanikumbusha mapiko, barakoa za Wamakonde zinazovaliwa kwenye ngoma za jando na unyago. Za asili zilichongwa mafichoni, na aliyevaa hakutakiwa kutambulika. Ikiwa mtoto angejua yule ni mjomba wake, ngoma ingekuwa imevunjika. "Sasa huyo naye utasema hakuulizwa?" akauliza mama.

Nilinyamaza. Kumbe karatasi yangu ilihitaji maneno matatu tofauti: yuko ambaye kweli hajulikani, yuko ambaye hakuulizwa, na yuko aliyefichwa makusudi na watu wake. Sisi tulikuwa tumewatia wote kwenye gunia moja.

Linganisheni na Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko kusini, shule hakusoma nyingi, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, akafariki 1972. Miaka minne tu! Lakini jina lake aliliandika mbele ya picha, na leo jina hilo ni la mtindo mzima. George Lilanga, aliyefariki 2005, aliwahi kuwa mlinzi pale Nyumba ya Sanaa. Wangapi walipita mlangoni wakimwona ni mlinzi tu?

Swali hilo linatuhusu sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Nilirudi kwenye riwaya yangu nikahesabu: "mlinzi mmoja", "mfagiaji fulani", "karani wa hapo". Mhusika mkuu ana jina, jina la baba yake, mpaka rangi ya viatu. Nilikuwa nimeandika rejesta ileile ya makumbusho: bei ipo, jina halipo. Nimesoma miswada ya wenzangu pia, hali ni hiyohiyo. Sisemi kila mpita njia apewe jina. Wa mapiko tumwache amefichika. Ila tujue kama tumemficha kwa sababu ya hadithi, au hatukumuuliza tu.

Mwisho wa ubishi mama alikubali maneno haya: jina la mchongaji halikuandikwa. Mimi bado naona ni nusu ya ukweli, kwa sababu hayasemi ni nani hakuandika. Lakini yanakubali kwamba jina lilikuwepo. Nikapiga chapa, nikatoa nakala, nikahesabu penseli.

Mtoto yule hakurudi, na shule yake sikumbuki. Jina lake? Sikumuuliza.