Wawili Njiani, wa Tatu Mezani: "Sisi" ni Nani katika Safari ya Salim bin Abakari?

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, makala haya yalianzia stendi, si maktaba. Mimi ni mtoto wa Nzuguni, na likizo iliyopita nilikuwa namsaidia mama kuuza karanga na zabibu karibu na stendi kuu ya mabasi. Siku moja wakaja mtu na mkewe, Waholanzi, mabegi mgongoni. Walikuwa wametoka Dar kwa treni ya umeme, wamelala Dodoma usiku mmoja tu, na sasa wanatafuta basi la Iringa ili wafike Ruaha. Serengeti na Ngorongoro walikuwa wameshazimaliza. Mke ndiye msemaji, mume ndiye mwandishi: kila mkewe anaposema jambo, yeye analitia katika daftari. Yule mama akaniambia kwa furaha kuwa nchi hii ni kubwa, kila mahali pana sura yake, na kwamba wao sasa wanaweza kusema "Tanzania tumeiona."

Kijana wa bodaboda aliyewaletea mabegi alinitaka nimtafsirie. Nilipomaliza akacheka. "Tumeiona na nani? Mimi hiyo Ruaha sijafika."

Swali lile, jamani, ni swali la uhakiki. Kitabu cha safari ya watu wawili kwa kawaida huandikwa na mkono mmoja. Mwandishi anasema walifika, waliona, walilala, yote kwa kiambishi "tu-", na msomaji anakimeza kiambishi hicho kama kidonge bila kuuliza ndani yake mna akina nani. Katika makala haya nitajaribu kukifungua "tu-" katika matini moja ambayo, kwa maoni yangu, tunaitaja tunapoeleza historia ya nathari ya Kiswahili lakini hatuisomi: "Safari Yangu ya Urusi na ya Siberia" ya Salim bin Abakari.

MATINI NA WATU WAKE

Kwa wale ambao hawajaiona: matini hii ilichapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901, ndani ya "Safari za Wasuaheli", mkusanyiko uliohaririwa na Carl Velten. Humo mna pia safari ya Selemani bin Mwenye Chande katika bara la Afrika na ya Mtoro bin Mwinyi Bakari kwenda Udoe na Uzigua. Mwaka 1965 Lyndon Harries alizirudisha matini kadhaa za Velten kwa wasomaji katika "Swahili Prose Texts".

Salim alikuwa Mngazija, mtumishi wa Dk. Theodor Bumiller. Huyu Bumiller alikuwa ofisa wa Kijerumani na mtu wa karibu wa Hermann von Wissmann, yule yule aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri huku Pwani, mpaka Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1896 bwana akaenda kuitembelea Urusi, na mtumishi akafuatana naye.

Nchi yenyewe ilikuwa kama dunia nzima. Ilianzia Ulaya ikaishia bahari ya Pasifiki. Reli ya Siberia ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1891 na bado haijakamilika, kwa hiyo msafiri wa wakati ule alichanganya treni, meli za mtoni na magari ya farasi. Ukiacha miji ya makanisa unaingia misitu, kisha mbuga zisizo na mti, kisha milima ya Altai, na kusini yake nchi za Waislamu wa Turkestani. Watu nao ni aina aina: Warusi, Watatari, Wakalmuki, Wakirgizi. Kwa mtu aliyelelewa kwenye visiwa vya karafuu na minazi, kila siku ilikuwa ni jambo jipya.

"TU-" INAFICHA NINI?

Fani ya matini hii inaonekana nyepesi. Sentensi ni fupi na zimefungwa kwa "-ka-" kama shanga katika uzi. Wapo watakaosema kuwa huu si usanii, ni taarifa tu. Mimi sikubali. Namna ya kusimulia ndiyo inayobeba hoja hapa, tena kuliko mambo yanayosimuliwa.

Chukua kitenzi cha kawaida cha msafiri kama "tukala". Katika sarufi bwana na mtumishi wamekaa sawa: wamefika pamoja, wamekula pamoja, wamelala pamoja. Lakini nani alipika? Nani alitandika? Nani aliamka kabla ya jua kufungua mizigo na kuwasha moto katika baridi ile? "-ka-" haisemi. Kiambishi kimoja kinawaketisha wawili katika mkeka mmoja, nao katika maisha hawakuketi hivyo. Hapa ndipo ninapoona utata wa matini hii. Je, Salim anajidanganya, anajiona mwenzake Bumiller? Au anatumia sarufi kujipa kiti ambacho hakupewa? Mimi naona yote mawili yanawezekana, na msomaji mzuri hatakiwi kukimbilia moja.

Tukumbuke pia kuwa kwa Bumiller hii ilikuwa matembezi, na kwa Salim ilikuwa kazi. Wahenga walisema tembea uone, lakini hawakusema habari za yule anayetembezwa. Bwana ndiye aliyechagua njia, ndiye aliyejua kwa nini wanakwenda mashariki na siku gani watarudi. Mtumishi aliyaona yale yale bila kuyachagua. Tena yeye mwenyewe alikuwa kivutio: mtu mweusi katika vijiji vya Siberia mwaka 1896 hakuweza kupita bila kutazamwa. Bumiller alikwenda kutazama, Salim alitazama huku akitazamwa. Hizo ni safari mbili ndani ya "tu-" moja.

Sisi wa huku Ugogo tuna mfano mwingine wa wawili njiani. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita nchi hii na msafara wao, wakavuka nyika ya Marenga Mkali, wakalalamikia hongo walizodaiwa na watemi wa Kigogo, wakaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Agosti 1858 Speke akaenda peke yake akaliona ziwa kubwa la kaskazini, akadai hapo ndipo chanzo cha Nile. Burton akakataa. Basi ile "sisi" yao ikavunjika, wakagombana hadharani hadi Speke alipokufa mwaka 1864. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kitenzi kimoja: ni "tuliona" au ni "niliona"? Na Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza na kuwafasiria, hakuulizwa na yeyote aliona nini. Ubora wa matini ya Salim uko hapa: kwa mara moja, aliyefuatana na bwana ndiye aliyeshika kalamu.

WA TATU MEZANI

Alishika kalamu, ndiyo, lakini karatasi ilikuwa ya nani? Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku Afrika Mashariki, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, Berlin, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887 na kilichowafundisha lugha maofisa waliotumwa kwenye makoloni. Matini hizi zilikuwa malighafi ya kazi hiyo. Kwa hiyo njiani walikuwa wawili, lakini mezani kulikuwa na wa tatu, na huyo wa tatu ndiye msomaji wa kwanza.

Ukilijua hilo, ukimya wa matini unaanza kusema. Ngazija, nyumbani kwa Salim, iliwekwa chini ya Ufaransa mwaka 1886. Bwana wake ni Mjerumani wa vita vya Pwani. Nchi za Turkestani zilikuwa zimetwaliwa na Warusi katika kizazi kile kile: Tashkent mwaka 1865, Samarkand mwaka 1868. Yaani mtu wa nchi iliyotawaliwa anafuatana na mtawala kwenda kuzitazama nchi nyingine zilizotawaliwa, ambako watu wanaswali kama yeye. Mwandishi wa leo angeijaza kurasa kumi hapo. Salim halijengi hilo kuwa hoja. Anaeleza watu, chakula, nyumba, safari inaendelea.

Je, hakuona? Mimi nadhani swali la haki zaidi ni hili: angemwambia nani? Velten? Wanafunzi wa Velten, ambao kesho yake wangepanda meli kuja kuwa mabwana Bagamoyo na Mpwapwa? Tumezoea kumlaumu mwandishi wa wakati wa ukoloni kuwa ni kasuku au kibaraka. Ni lawama rahisi. Kabla ya kuhukumu ukimya wa mtu, mhakiki achunguze kwanza nani alikuwa akisikiliza.

Hata lile neno "yangu" katika anwani, ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilishangilia, lina walakini. Selemani naye ana "safari yangu", na Mtoro vile vile. Anwani zinafanana mno. Huenda ni mkono wa mhariri uliozipanga. Ikiwa ni hivyo, basi hata umiliki wa safari aliazimwa.

Sasa kilichobaki chake ni kipi? Jibu langu ni Kiswahili chenyewe. Kabla ya hapo lugha yetu ilikuwa haijazoea kuieleza Siberia. Ilibidi mtu aketi atafute maneno ya kuwaelezea watu wa Pwani baridi ile, mahema yale, mito inayoganda. Maneno mengine yalikuwapo yakisubiri: "barafu" tuliipata zamani kutoka Uajemi, ambako "barf" ni theluji. Kazi hiyo Bumiller asingeiweza, na Velten aliweza kuihariri tu. Mwenye kuiingiza Urusi katika Kiswahili ni Salim, na hapo ndipo safari inapokuwa yake kweli.

MGOGO ANAMSOMA SALIM

Ningeweza kuishia hapo, lakini nitakuwa sijasema kweli yote. Rasimu ya kwanza ya makala haya niliijaza "sisi Waafrika": sisi Waafrika tulikwenda Siberia, sisi tuliwatazama Wazungu kwao. Mwalimu wangu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu maneno mawili: "Sisi nani?"

Nilikasirika kidogo, halafu nikaona ana haki. Katika maandishi ya Waswahili wa Pwani wa wakati ule, watu wa bara ni washenzi. Babu wa babu yangu, aliyechunga ng'ombe hapa Nzuguni au jirani yake wakati misafara inapita, angekuwa mshenzi huyo. Salim angepita Ugogo kama alivyopita kwa Wakalmuki: angetutazama, angetueleza, angeondoka. Mimi ninayejitia katika "sisi" yake leo ninafanya kosa lile lile la "tu-": ninawaketisha mkeka mmoja watu ambao hawakuketi pamoja, kisha nasahau kuuliza nani alibeba mzigo.

Linganisha na kitabu cha Martin Kayamba, "Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza", cha mwaka 1932. Kayamba, Chifu Makwaia na Francis Lwamgira walikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Pale "tu-" ina majina matatu, unaweza kuyahesabu. Msimulizi bado ni mmoja na kasoro zipo, lakini angalau msomaji anajua wamo akina nani. Kwa Salim jina la pili ni la bwana, na la tatu limejificha kwenye ukurasa wa mhariri.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kuwa katika fasihi ya safari kiambishi kidogo kinaweza kubeba uhusiano mzima wa kitabaka, na kwamba matini ya Salim bin Abakari inastahili kusomwa kama fasihi, si kama sampuli ya lugha ya zamani. Dhamira yake haiko katika yale tu aliyoyaona. Iko pia katika nafasi finyu aliyokuwa nayo ya kuyasema, na katika alivyoitumia nafasi hiyo.

Kuhusu wale Waholanzi: kabla ya basi kuondoka, mume aliniomba nimwandikie jina la mahali pale kwa herufi sahihi. Nikaandika "Nzuguni". Yule kijana wa bodaboda akaniomba daftari, akaandika jina lake chini ya langu neno hilo, akarudisha. Mume alisoma, akamwangalia, akamshika mkono. Kama jina lile litaingia katika hadithi watakayosimulia kwao, hilo sijui.

Wenzangu wa mwaka wa tatu, hasa mnaodai kuwa Salim ni kibaraka tu, kurasa za toleo lijalo ni zenu. Ila msome kwanza.