Mlola: Kamba Haikupaswa Kufunguliwa Pale

Video ya ule msafara wa matembezi na mbwa kwenye msitu wa Mlola imeshazunguka kwenye simu za kisiwa kizima cha Mafia, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia upya. Nakwenda moja kwa moja penye njia panda, pale minazi inapokwisha na msitu unapoanza, kiongozi anapoinama na kumfungua mbwa kamba. Hapo ndipo safari ilipoharibika. Yaliyofuata, kuanzia mbwa kukimbilia msituni na zile kelele za kumwita hadi kurudishwa begani akiwa ameumia, ni matokeo tu.

Kabla ya hapo kazi ilikuwa safi: waliondoka Utende alfajiri, walibeba maji ya mbwa na bakuli lake, na mbwa alikuwa amechanjwa. Haya, twende.

Irudisheni video nyuma kidogo. Msimtazame kiongozi, mtazameni mbwa. Anasimama ghafla. Mguu mmoja wa mbele ameukunja hewani, masikio yote mawili mbele, na mkia uliokuwa ukichezacheza njia nzima umekaza. Pua iko kulia, upande wa bahari. Kusi inavuma, na pwani ya mashariki ya Mafia huipokea kusi kifua wazi. Upepo unapita msituni kwanza ndipo unafika njiani, na unakuja na harufu ya kila kilicholala humo. Mbwa yule alikuwa ameshapata habari zake. Matembezi kwake yalikuwa yamekwisha, alikuwa ameanza kuwinda.

Kijana aliyebeba maji aliliona hilo. Mtazameni vizuri pembeni mwa picha: ananyoosha mkono kuelekea kichakani, halafu anamgeukia kiongozi. Kiongozi yuko kwenye simu, anasoma ramani. Anaitia simu mfukoni, anainama, anabonyeza ndoano ya ukosi, na kamba inaanguka. Bila kumtazama mbwa usoni hata mara moja! Ajuaye mbwa angefanya kinyume chake. Angefupisha kamba, angemgeuza kichwa, angempitisha haraka mpaka harufu ile ikatike, kisha angesimama na kumnywesha maji. Mbwa akishakunywa na kujitikisa, akili imerudi. Hapo unaweza kumlegezea. Kumlegezea, sikusema kumfungua.

Na alifunguliwa kuingia wapi? Mlola umeota juu ya jiwe la matumbawe ya kale, jiwe lenye makali na mashimo yaliyofichwa na majani makavu. Mtu wa viatu hulikanyaga kwa adabu. Mbwa anayekimbia hana adabu hiyo, ndiyo maana alirudi na unyayo wa nyuma umechanika na damu imetapakaa hadi kwenye goti. Humo ndani kuna paa, yule mdogo ambaye uzito wake ni wa kilo tano hivi. Hukaa wawili wawili katika eneo dogo wasilopenda kulihama. Akikimbizwa hatoroki mbali, huzungukazunguka humohumo kwake, na mbwa mwenye pumzi anaweza kumchosha vibaya bila hata kumgusa. Humo pia kuna nguruwe pori. Mbwa akimvamia jike mwenye watoto, mkimbizaji atakuwa mwingine, na meno ya nguruwe hupasua. Msafara ule uliponea kwenye unyayo mmoja. Hiyo ni bahati, wasije wakaihesabu kuwa uzoefu.

Nimeusikia utetezi barazani: mbona wasasi wa zamani walikuwa wakiachia mbwa? Waliachia, naam. Lakini aliyewaona wasasi wa Unguja wakifanya kazi kwenye misitu ya maweni anajua kuachia mbwa kulikuja mwisho. Kwanza nyavu zilitandazwa. Kila upenyo ulikuwa na mtu wake. Upepo ulipimwa, na mzee mmoja ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mbwa alipofunguliwa, mnyama alikuwa ameshafungiwa njia, na kila mtu alijua mbwa atatokea wapi. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kiongozi wa msafara wa Mlola hakuwa na wavu, hakuwa na watu, na hakuwa akiwinda. Aliazima tendo moja la wasasi akaacha yote yaliyolibeba.

Na wala tusibaki kwa wazee peke yao. Mbwa wa kunusa waliotumika kufuata majangili kule Enduimet, Kilimanjaro Magharibi, walikuwa wamefunzwa kupita kiasi ambacho mbwa wa nyumbani hatafika kamwe. Hata hao walifuata nyayo wakiwa kwenye kamba ndefu, mwisho wa kamba uko mkononi mwa askari. Ikiwa mbwa wa kazi hakufunguliwa, wa matembezi anafunguliwa kwa hoja gani?

Kuhusu kamba yenyewe, nitalirudia lile lile mnalochoka kulisikia. Ile ya kujikunja ndani ya kasha la plastiki haifai msituni. Inanasa kwenye mizizi, inakata vidole, na inamfundisha mbwa kwamba akivuta zaidi anapewa zaidi. Nunueni kamba bapa ya mita mbili na mshipi wa kifua, maana mbwa akitumbukia kwenye shimo la jiwe utamnyanyua kwa kifua, si kwa shingo. Ramani ya simu nayo haioni upepo. 

Kuna la kijiji pia, ambalo wachambuzi wa mjini hawaligusi. Mbwa aliyefunguliwa akishachoka hutafuta maji, na maji yaliyo karibu na msitu ni ya kisima cha watu. Wengi wetu hapa ni Mashafii. Chombo alichotia mdomo mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndoo ya kisimani ikiguswa, mama wa watu ndiye anayebaki na kazi hiyo, msafara umeshapanda gari. Isitoshe, mbwa mgeni anayerandaranda peke yake huwatia watu hofu ya kichaa cha mbwa, na hofu hiyo ina haki. Pemba waliutokomeza ugonjwa huo kwa kuchanja mbwa mwaka baada ya mwaka, na uliporudi ikabidi waanze tena. Cheti cha chanjo kilichokuwa mfukoni mwa kiongozi hakikuonekana shingoni mwa mbwa.

Njia ya Mlola si ngumu. Haina mlima, kivuli kipo, na mbwa mwenye afya anaimaliza bila taabu akianza mapema kabla jua halijapanda, maana yeye hupoa zaidi kwa kuhema. Inataka jambo moja: kamba ibaki mkononi kuanzia minazi ya kwanza mpaka mrudi barabarani.

Wakipanga safari nyingine, ushauri wangu ni mfupi. Kiongozi abebe maji. Kamba apewe yule kijana.