Shem Karenga na Kiswahili cha Njia ya Misafara

Siti binti Saad alipata wa kumwandikia. Shaaban Robert alimtungia wasifu, na kwa wasifu ule watu wengi ambao hawakupata kuisikia sauti yake wanalijua jina lake, asili yake na safari yake ya Bombay ya mwaka 1928. Shem Ibrahim Karenga, aliyefariki Dar es Salaam Desemba 2014, hakupata Shaaban wake. Ulitajwa wimbo mmoja, "Dada Asha", na ya kuwa alikuwa mwimbaji na mtunzi wa Tabora Jazz, basi. Sisi wa visiwani, tuliolelewa katika taarabu na kufundishwa kuuhesabu ushairi kwa mizani, tuna hatia zaidi kuliko wa bara, kwani muziki wa dansi tumezoea kuuchezea bila ya kuusikiliza maneno.

Karenga alikuwa mtu wa Kigoma. Alianza muziki huko huko, katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz, kisha akaja Tabora, na mwishowe akateremka Dar es Salaam. Ikamate ramani, msomaji, uitazame safari hiyo: Ujiji, Tabora, pwani. Ni njia ile ile ya misafara, ila ameipita kwa garimoshi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo kwa sehemu kubwa ilifuata mwendo wa wapagazi waliotangulia kwa miguu. Wapagazi wale waliimba. Wanyamwezi walisifika kwa kubeba pembe na vitambaa baina ya maziwa na Bagamoyo, na kila mzungu aliyefuatana nao, tangu Burton na Speke waliofika Kazeh (ndio Tabora hiyo) mwaka 1857, aliandika juu ya nyimbo za safarini. Sitaki kudai kuwa nyimbo za mizigo ndizo zilizozaa nyimbo za gitaa. Hayo ni mambo ya kubahatisha. Ninalodai ni dogo na lina uhakika: lugha aliyoimbia Karenga iliwekwa Tabora na misafara.

Jambo hili lataka kukaziwa. Kabla ya serikali yoyote kutangaza lugha ya taifa, Kiswahili kilikuwa na makazi Unyanyembe. Wafanyabiashara wa Unguja walijenga huko, wakaoa huko. Baba yake Tippu Tip alikuwa na maskani Tabora na mke wa nyumba ya Mtemi Fundikira. Mtoto wa nyumba kama zile hakujifunza Kiswahili shuleni. Alikirithi, lakini alirithi Kiswahili kilichokwisha tembea, kisicho na haya ya kuchanganyika, ambacho Mmanyema, Muha, Mnyamwezi na Mwarabu waliulizana kwacho bei. Kiswahili hicho hakina mapambo ya Mombasa wala ukali wa Mji Mkongwe. Kina wepesi. Mtunzi wa dansi alikikuta tayari, kimeshanyooshwa kwa matumizi ya kila siku, na Karenga alijua namna ya kukitumia.

Nitaonyesha kwa jina la wimbo tu, kwani jina latosha. "Dada Asha". Mtunzi wa taarabu angemwita mwanamke kwa mafumbo: ua, lulu, tausi, njiwa. Asingethubutu kulitaja jina lake mbele ya watu, wala asingependa, kwa sababu raha ya taarabu imo katika kukisia nani anasemwa. Karenga anamtaja. Tena anamtanguliza kwa "dada", neno la heshima na la udugu, ambalo kijana wa mjini humwambia mwanamke asiyejua amweke wapi. Ndani ya neno hilo mna ukaribu na mna umbali. Atakayelifasiri katika lugha za Ulaya ataona taabu yake: akiandika dada wa kuzaliwa, ameharibu, akiliacha, amemfanya mwimbaji kuwa mtovu wa adabu. Mimi nimefanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi bila ya kupitia chuo chochote, na kipimo changu cha ushairi ni hicho kimoja: neno linalokataa kuhamishwa.

Tabora ya siku hizo haikuwa na bendi moja. Palikuwapo Kiko Kids ya Salum Zahoro, iliyotangulia, na Nyanyembe Jazz, iliyotuachia "Rangi ya Chungwa", wimbo ambao kumbi hazijauchoka hata leo. Tabora Jazz walikuwa na mtindo wao wa Segere Matata. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, ya Iddi Nhende, ililichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi, lililokuwa na makao makuu Tabora. Mji wa maembe na asali, uliokwisha kupoteza biashara yake ya pembe na kubaki na njia panda ya reli, ulitoa muziki kupita kiasi cha ukubwa wake. Sababu moja ni Ziwa. Muziki wa Kongo ulivuka Tanganyika kwa mawimbi ya redio na kwa watu, ukafika Kigoma kwanza. Ndiyo maana gitaa la Tabora Jazz halisikiki kama la Morogoro. Katika gitaa la Mbaraka Mwinshehe mna haraka na majigambo. La Tabora husubiri, huzungumza na mwimbaji, likisha ndipo linaachia mbio sehemu ya pili, pale wachezaji wanapojua kuwa maneno yamekwisha na zamu ni ya miguu.

Hapa nataka kuleta mfano wa mbali. Watatari wa Kazan, waliokuwa raia wa Urusi ya Kisovieti, walikuwa na mwimbaji wao, Ilham Shakirov, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki mwaka 2019. Alisoma katika chuo kikuu cha muziki cha Kazan, akapanda jukwaa la dola ya kijamaa, na juu ya jukwaa hilo akaziimba nyimbo za kale za watu wake kwa lugha yao. Watatari wana neno, moñ, kwa ile ghamu tamu iliyomo ndani ya sauti na isiyofundishika. Shakirov alipendwa kwa kuwa nalo. Dola ilimpa jukwaa, naye akaitumia nafasi hiyo kuihifadhi lugha ambayo dola yenyewe ilikuwa ikiifunika kwa Kirusi.

Karenga naye aliimba chini ya ujamaa. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967; kufika miaka ya sabini, alipokuwa Tabora, mwenye redio alikuwa mmoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ya bara iliyotaka kusikika nchi nzima ilifunga safari hadi studio za RTD, maneno yakapitiwa kabla ya kurekodiwa, na utepe ukabaki redioni. Muziki wa kigeni ukapunguzwa hewani, na nafasi hiyo ikawaendea wa nyumbani. Mambo mawili haya, udhibiti na ulezi, hayatenganishiki, na wanaoyasimulia leo aghalabu huchagua moja wakaliacha la pili. Studio ile ndiyo iliyomfikisha Karenga hadi Pemba na Mtwara. Studio ile pia haikumtajirisha. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, miaka zaidi ya ishirini baada ya nyimbo zenyewe kuwa mali ya kila mwenye kinanda cha kanda.

Lakini tofauti na Kazan ni hii. Redio yetu haikuzitangaza lugha za makabila. Muha hakuimba Kiha hewani, wala Mnyamwezi Kinyamwezi. Palikuwa na Kiswahili, na Kiingereza pembeni. Shakirov alilinda lugha ya mama kwa jukwaa la dola. Karenga aliimba lugha ya dola, na kwa bahati ya historia lugha hiyo ilikuwa pia lugha ya njia iliyopita mlangoni kwao. Je, alipoteza kitu? Naam, alipoteza, nasi pamoja naye; hatutajua ghamu yake ingesikikaje kwa Kiha. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaosema kuwa waimbaji wa dansi walikuwa vipaza sauti vya Chama. Zilikuwapo nyimbo za sifa, tena nyingi, na nyingi ni mbovu. "Dada Asha" si mojawapo. Wimbo uliodumu ni wa mtu na mtu, na wasikilizaji waliuchagua wenyewe.

Kuna jambo jingine linalonishangaza. Mwaka 1974 Kezilahabi alichapisha Kichomi, na washairi wetu wakapigana vikumbo: je, utungo usio na vina ni shairi? Kalamu zikachoka, urafiki ukavunjika. Ilhali miaka hiyo hiyo, kila Jumamosi usiku, katika kumbi za Tabora na Ilala, tungo zisizo na vina wala mizani sawa zilikuwa zikiimbwa kwa Kiswahili safi na kushikwa kwa moyo na watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Kezilahabi. Hakuna upande wa ugomvi ule uliowaita mashahidi. Wahafidhina hawakuwataka, maana wangewashinda. Wanamapinduzi hawakuwajua, maana walikuwa wakimsoma Eliot. Karenga hakuhitaji ruhusa ya upande wowote. Mizani yake ilishikwa na gitaa la kati na besi, na palipopungua silabi pakajazwa na ala.

Na hapo ndipo ugumu wa kumwandika unapoanza. Hapana diwani ya Tabora Jazz. Atakayetaka maneno ya Karenga sharti ayasikilize na kuyaandika mwenyewe. Mstari ukatwe wapi? Ukiukata pale mwimbaji anapovuta pumzi, unapata mistari mirefu na mifupi inayofanana na Kichomi. Ukiukata pale gitaa linapojibu, unapata kitu kinachokaribia shairi la bahari fupi, tena mara nyingine vina vyatokea bila ya kutafutwa, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kimejaa irabu za mwisho zinazofanana. Nimejaribu njia zote mbili. Ya pili inapendeza zaidi machoni. Ya kwanza ndiyo nakala ninayoiweka.