Pembe Isiyo na Kitako

Kati ya pembe na pombe kuna irabu moja tu. Hilo lilinijia Busiu, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale, mzee mwenyeji wangu aliponipa pembe ya ng'ombe iliyojaa pombe ya ndizi. Nikanywa funda, nikageuka kutafuta meza.

"Mzee, hii naiweka wapi?"

"Huiweki. Ukichoka, mpe aliye kando yako."

Pembe ile haikutoka huku Bugisu. Ng'ombe wengi wa huku ni zebu, wenye nundu na pembe fupi; ukipata humo mafunda mawili, shukuru. Ilitoka Ankole, magharibi ya Uganda, kwa ng'ombe ambao pembe yao moja huweza kupita mita. Wala sipigi chuku (nayo chuku asili yake ni pembe, ile ya kuumikia).

Ndani ya pembe ya mnyama hai mna kiini cha mfupa chenye mishipa tele ya damu, inayomsaidia ng'ombe kupoza mwili. Kazi ya kwanza ya fundi ni kukitoa, na kazi hiyo inanuka. Pembe huchemshwa, au hufukiwa hadi kilicho cha kuoza kioze, kisha hugongwagongwa juu ya gogo mpaka mfupa uchomoke. Ncha haina uwazi. Fundi wa baragumu hutoboa tundu la kupulizia. Wa pembe ya kunywea huiacha ncha nzima, maana ndiyo kizibo chenyewe. Baada ya hapo ni kukwangua ndani, kusugua nje kwa msasa, kupaka mafuta, kusugua tena. Mdomoni fundi hukwangua hadi pembe iwe nyembamba, isimchune mnywaji.

Niliyoishika ilikuwa nyeusi nchani, ikipauka taratibu hadi rangi ya chai ya maziwa. Nilipoielekeza juani, kivuli cha pombe kilionekana ndani.

Nilimuuliza mzee kwa nini hawaitumii kwa malwa, pombe ya ulezi ambayo Bugisu hunywewa kwa mirija mirefu, watu wameuzunguka mtungi mmoja. Akacheka. Malwa huongezwa maji ya moto, na pembe haipatani na moto: hulegea, na harufu ya ng'ombe ikarudi. Ni chombo cha vinywaji baridi, kama hii ya ndizi, au muratina ya Wakikuyu, ambayo wazee huipokezana kwa pembe kwenye posa. Na mrija nao una ufundi wake, hasa kile kichujio kilichosukwa mwishoni, lakini kwa siku ile macho yangu yalikuwa kwenye pembe.

Haioshwi kwa maji moto pia. Husuuzwa kwa ya baridi, ikatundikwa darini mdomo ukiangalia chini.

Ilizunguka watu watano. Iliponirudia niliiinua tena juani: kivuli kilikuwa kimeshuka mpaka pale weusi unapoanzia.